Jirani anayekaa na watoto wetu: asajiliwe, au kwanza tumjue?

Mtoa mada, Mbagala

Nawasalimu nyote. Mkutano wa mtaa wetu wiki iliyopita ulizua hoja: kila mwanamke anayekaa na watoto wa wenzake mchana ajiandikishe kama kituo, au aache. Wanaoiunga mkono wanataja Sheria ya Mtoto ya 2009, inayotaka kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kisajiliwe. Sina ugomvi na sheria. Ninachopinga ni kuanza na fomu kabla hatujajua akina nani wanakaa na watoto hawa, wangapi, tangu saa ngapi na kwa makubaliano gani. Utafiti utangulie.

Nauza nguo Kariakoo. Saa kumi na moja alfajiri nampeleka mwanangu wa miaka miwili kwa jirani, kalala mgongoni. Saa nne shangazi yake akirudi sokoni anamchukua. Jumamosi anashinda na dada yake wa darasa la nne. Sasa mtafiti akiniuliza, "Mtoto yuko kituo gani?" nitajibu hana kituo. Akiuliza, "Nani anamlea?" nitajibu ni mimi, na sitakuwa nimedanganya, maana mama yake ni mimi. Jirani hataonekana popote kwenye karatasi yake.

Ndiyo maana naomba utafiti uulize siku ilivyokwenda. Jana alfajiri mtoto alikuwa na nani? Saa nne je? Uji alipewa na nani, na nani alinunua unga? Wanaouliza wasiwe wale wale wenye mamlaka ya kufunga nyumba ya mtu.

Mama wa watoto watatu, Temeke

Nakupinga, dada yangu. Mwanangu aliungua mguu kwa jiko la mkaa nyumbani kwa mama niliyemwamini. Alikuwa na watoto tisa chumba kimoja, na wakati huo katoka kuteka maji. Simchukii. Alilia kuliko mimi, na ndiye aliyembeba hadi zahanati. Lakini angepita mtu hata mara moja akamwambia jiko likae nje na watoto wasifike tisa, mwanangu asingekuwa na kovu lile. Ninyi mnataka kuhesabu kwanza. Mtahesabu mpaka lini?

Bibi wa Tandika

Wanangu, mimi nina wajukuu wanne hapa na mtoto wa binti mpangaji. Sijawahi kumdai. Akipata analeta sukari au unga, asipopata haleti, na mtoto anakula vile vile. Sasa mimi ni kituo? Mkiniletea masharti ya uzio na vyoo vya watoto, nitamwambia yule binti atafute pengine. Na pengine penyewe hana, ningekuwa napajua ningemwonyesha.

Ofisa ustawi wa jamii mstaafu

Shikamoo, bibi. Nimekagua vituo kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Tukienda mtaani na daftari la ukaguzi, watoto wanahamishiwa nyumba ya pili. Unakuta mkeka umekunjwa, vikombe sita vya uji vimelowa, na mwenye nyumba anasema anaishi peke yake. Daftari lile lilikuwa linatupa habari za uongo.

Tuna Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021. Inataka mambo matano yaende pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kumsikiliza na kumjibu mtoto), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Kwa mtoto wa Mbagala yote matano yanapatikana, au yanakosekana, juu ya mkeka wa jirani.

Tafiti za kaya zinazofuata mfumo wa UNICEF huuliza kama katika wiki iliyopita mtoto wa chini ya miaka mitano aliachwa peke yake, au na mtoto wa chini ya miaka 10, kwa zaidi ya saa moja. Swali zuri, nalitetea. Lakini aliyeachwa kwa jirani mtu mzima anapita kama aliye salama, na habari zake zinaishia hapo. Hatujui kama alisemeshwa, au alilazwa kutwa ili asisumbue.

Na wewe mtoa mada, kuhusu kuwatenga wanaouliza na wenye mamlaka, sikubaliani nawe moja kwa moja. Mtafiti akimkuta mtoto anayepigwa hawezi kunyamaza eti aliahidi siri. Hilo mlezi aelezwe kabla hajatoa ridhaa.

Msomaji wa Nairobi

Huku mitaani nyumba za kulelea watoto mchana twaziita bebikea. Pale Korogocho, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, watafiti waliwapa akina mama vocha za kulipia malezi ya mchana. Waliopewa walionekana kuwa kazini zaidi ya wenzao, kwa takriban pointi 8 za asilimia, na akina mama wasio na waume waliweza kuhamia kazi za saa chache bila mapato kushuka. Kwa hiyo anayelea mtoto anabeba pia kazi ya mama. Lakini angalieni: zile vocha zilitumika kwenye vituo vinavyolipisha. Hazituambii lolote kuhusu bibi wa Tandika anayepokea sukari. Mtu asichukue matokeo ya kituo akayavika nyumba ya bibi.

Mtoa mada, Mbagala

Mama wa Temeke, pole sana, na nimekuelewa. Jiko la mkaa halisubiri utafiti. Kuhusu moto, ndoo za maji, na mafuta ya taa kuwekwa kwenye chupa za soda, watu wapite hata kesho, wafundishe, bila daftari la faini. Nilikosea kuviweka vyote kwenye foleni moja.

Ila usajili bado nasema usubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi. Mimi sina mwajiri. Nilirudi Kariakoo mtoto ana wiki sita, na aliyenipa zile siku zilizobaki ni jirani yangu. Alikuwa ananiletea mtoto dukani kwa daladala nimnyonyeshe, nauli yake mwenyewe. Tukimfunga huyo kwa kukosa uzio, nani anaichukua zamu yake? Nauliza kwa dhati, kwa sababu mkutanoni hakuna aliyejibu.

Bibi, ungewapokea watafiti wakija?

Bibi wa Tandika

Waje, nitawakaribisha. Lakini wasije saa tano na gari, wakati watoto wamelala. Waje saa kumi na moja alfajiri wakae hapa barazani, wamwone yule binti anavyomkabidhi mtoto na anavyogeuka kuangalia mara mbili kabla hajafika barabarani. Wakishaona hayo ndiyo wafungue karatasi zao waniulize.