Probu za DNA zinazong'aa, zinapima A2?

MkulimaNjoro: Wadau niko Njoro hapa Nakuru, kijana wangu wa chuo ananiambia kuna probu za DNA (vipande vidogo vya DNA vyenye rangi) zinang'aa zikipata jeni ya kaseini (protini ya maziwa) imevunjika, sasa si naweza pimia ng'ombe wangu kama ni wa A2, ile aina moja ya kaseini?

Labu_Kisumu: Hapana mzee, A1 na A2 zinatofautiana herufi moja tu ya DNA, hapo ni PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi ndio kisomwe). Probu ni za mpasuko mkubwa: unaweka nyekundu upande huu wa jeni na kijani ule, kwa kromosomu ya 6, ikiwa sawa rangi zinakaa pamoja zinafanana njano, zikiachana ujue imekatika.

MkulimaNjoro: Aii, na damu yatosha?

Labu_Kisumu: Yatosha, ila kwa kawaida seli za damu huoteshwa kwanza zikiwa hai, na darubini ni ya fluoresensi, inayoonyesha rangi zinazong'aa, si ile ya shule 😂