Spika za kuchomeka masikioni kwa ajili ya Sony NW-A306: nichague zipi kwa taarab ya kale na safari za basi?

Mpenda Ganuni aliuliza:

Wanajamvi, habari zenu. Nina kicheza muziki cha Sony NW-A306 ambacho nimekijaza taarab asilia ya Unguja, rumba ya Kongo, pamoja na santuri za zamani zilizohamishiwa kwenye faili za FLAC, yaani faili zisizopoteza ubora wa sauti, zikiwemo zile alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay kuanzia mwaka 1928. Nasikiliza zaidi nikiwa ndani ya basi kati ya Tanga na Dar es Salaam, na usiku kabla ya kulala. Spika nilizo nazo zina besi nzito mno, kiasi kwamba ganuni na fidla humezwa, na ngurumo ya injini hunilazimu kupandisha sauti hadi masikio yanauma. Bajeti yangu ni shilingi laki nne. Naomba mnifahamishe nitazame nini kwanza. Wauzaji wengi husisitiza idadi ya spika ndogo zilizomo ndani ya kila upande, nami sijui kama hicho ndicho kipimo cha haki. Pia naomba ushauri kuhusu zenye waya na zisizo na waya.

Fundi Redio alijibu:

Ndugu yangu, kabla ya kutazama chapa au bei, tazama jinsi spika itakavyoziba tundu la sikio lako, kwa sababu hapo ndipo sauti yote inapoamuliwa. Upenyo mdogo ukibaki kati ya kimpira kinachovishwa ncha ya spika na ngozi, sauti nene ndizo za kwanza kupotea: waya mnene kabisa wa besi kubwa ya kusimama, ile inayopigwa katika vikundi vya taarab, hutoa mawimbi ya takriban 41 kwa sekunde, na mawimbi ya namna hiyo hayasikiki vizuri kama sikio halijazibwa. Watu wengi huilaumu spika kwamba haina besi, kisha hununua nyingine iliyoongezwa besi kiwandani, ilhali kilichohitajika kilikuwa kubadilisha kimpira tu. Njia ya kujua ni rahisi: wakati wimbo unaendelea, isukume spika ndani taratibu kwa kidole, besi ikiongezeka ghafla, basi kimpira ulichovaa hakikufai. Usishangae sikio la kulia likahitaji kipimo tofauti na la kushoto, kwani masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani.

Kuziba huko ndiko pia kutakakokupunguzia ngurumo ya basi. Vimpira vya silikoni ni vyepesi kusafisha na hudumu, lakini vile vya sponji, ambavyo husokotwa kwa vidole, huingizwa, kisha hushikiliwa hadi vitanuke vyenyewe, huzuia kelele zaidi. Kasoro yake ni kwamba hufifisha kidogo sauti za juu, na katika joto na jasho la pwani huchakaa mapema, kwa hiyo nunua vya akiba siku hiyo hiyo. Kampuni ya Shure inaeleza kuwa spika yake ya SE215 inaweza kupunguza kelele za nje hadi desibeli 37 ikivaliwa sawasawa. Kampuni ya Etymotic ya Marekani, ambayo spika yake ya ER-4 ilitoka mwaka 1991, hutumia vimpira vya ngazi tatu vinavyoingia ndani sana, na kwa kuzuia kelele bila umeme sijaona vinavyovishinda, ingawa si kila mtu anavumilia kitu kilichozama sikioni kiasi hicho.

Bint Chumbageni alijibu:

Naunga mkono hoja ya kuziba, ila napenda kuongeza jambo kuhusu sauti yenyewe, maana ganuni ni chombo kinachoidhihirisha spika mbaya mara moja.

Idadi ya spika ndogo haipimi ubora. Kuna aina mbili kuu utakazokutana nazo. Ya kwanza ina kiwambo chembamba kinachosukumwa na koili ya waya mbele ya sumaku, sawa na spika ya redio ila ndogo sana, na kimoja tu kilichotengenezwa vizuri kinaweza kubeba sauti zote kuanzia besi hadi nai. Ya pili, ambayo wengi huiita amecha, ilikuzwa kwa ajili ya vifaa vya kuwasaidia wenye usikivu hafifu. Ni ndogo mno na kila moja hufanya vizuri katika eneo lake, ndiyo maana watengenezaji huunganisha kadhaa pamoja. Kuziunganisha bila sauti kugongana ni kazi ngumu, na spika ya bei ndogo inayojivunia amecha nyingi mara nyingi huwa na sauti za juu zinazochoma. Kwa ganuni, ambayo hupigwa kwa vikwaruzo vilivyofungwa vidoleni, mchomo huo huchosha upesi.

Kwa hizo santuri uwe mwangalifu zaidi. Mchakacho wa santuri ya kale hukaa kwa wingi katika sauti za juu, hivyo spika yenye sauti za juu kali itakuletea mchakacho mwingi na Siti kidogo. Kwa faili hizo SE215 ingekufaa, kwa kuwa sauti zake za juu zimetulizwa. Lakini besi yake imenenepeshwa, na wewe umekwisha kulalamikia besi. Kwa hiyo mimi ningechagua Sennheiser IE 200, yenye kiwambo kimoja cha milimita 7, ambayo ilipotoka iliuzwa kwa dola 150 hivi na inaweza kuingia katika laki nne zako ukiitafuta kwa utulivu. Ina jambo moja zuri ambalo wauzaji hawalielezi: kimpira chake hukaa katika nafasi mbili, na ukikisukuma hadi mwisho au ukikiacha nje kidogo, kiasi cha besi hubadilika. Mchakacho utakaobaki utaupunguza kwa ekwalaiza ya kicheza chako, yaani kirekebishi cha sauti nene na za juu. Kama fedha zitapungua, Moondrop Chu, iliyoanza kuuzwa kwa takriban dola 20, ina mizani ya sauti ambayo spika nyingi za bei kubwa kuliko hiyo hazinayo.

Mpenda Ganuni aliandika:

Nashukuru sana kwa maelezo haya. Nimeona kwenye maboksi namba za ukinzani, nyingine omu 18, nyingine omu 45, na zipo zinazofika mia. Je, NW-A306 itaziweza zote? Na kuhusu zisizo na waya bado sijapata mwanga.

Fundi Redio alijibu:

NW-A306 ina amplifaya ndogo na tundu moja la milimita 3.5, kwa hiyo epuka spika zenye pini nene ya milimita 4.4, kwa kuwa haitaingia. IE 200 ina omu 18 na haitakupa shida. Etymotic ER4SR ina omu 45 na haitoi sauti kubwa kwa umeme mdogo, hivyo itakubidi upandishe sauti karibu na mwisho, tena bei yake inapita bajeti yako. Usitazame omu peke yake; namba ya desibeli iliyoandikwa kando yake ndiyo inayoeleza spika itapaza kiasi gani. Ukinzani ukiwa mdogo mno nao una tatizo lake, hasa kwa amecha, kwa sababu kicheza chenyewe kina ukinzani wake kwenye tundu, na kama huo unazidi sehemu moja ya nane ya ule wa spika, mizani ya sauti inaweza kubadilika.

Kuhusu zisizo na waya, nitasema kwa haki: zile zenye kizima-kelele cha umeme hufanya kazi vizuri zaidi dhidi ya mngurumo mnene na wa mfululizo, na injini ya basi ni kelele ya aina hiyo hasa. NW-A306 hutuma sauti kwa LDAC, mfumo wa Sony wa kupitisha muziki kwa Bluetooth, unaofika kilobiti 990 kwa sekunde, nao unatosha kwa msikilizaji makini, ingawa bado uko chini ya kilobiti 1,411 za CD. Ninachokataa ni betri. Ikichoka, na zote huchoka, spika nzima hutupwa, ilhali spika ya waya unaochomoka hubadilishiwa waya tu. Kwa mtu mwenye laki nne na maktaba ya FLAC, nasimama upande wa waya.

Sikio Salama alijibu:

Naomba jambo la masikio kuuma lisipitwe. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: kwa desibeli 89 unabaki na saa 5 tu kwa wiki nzima, ambazo safari moja ya kwenda na kurudi Dar es Salaam inaweza kuzimaliza. Mtu anayeshindana na injini hufika huko bila kujua. Ndiyo sababu kimpira kinachoziba ni kinga ya usikivu, pamoja na kuwa ni cha kuboresha muziki. Fahamu pia kuwa NW-A306 zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zimewekewa kikomo cha sauti. Kama chako kimetoka huko, chagua spika inayopaza kwa umeme mdogo, la sivyo utaiona dhaifu.

Ukienda Kariakoo, nenda na kicheza chako, wimbo wa ganuni unaoujua hadi mwisho, na vimpira vyako mwenyewe, kwa maana vile vya kujaribia vimekwisha kupita katika masikio ya watu wengi. Pitisha waya juu na nyuma ya sikio iwapo umbo la spika linaruhusu, ili msuguano wake na nguo usisikike. Shure za bandia zimeenea sana; ukikuta SE215 kwa bei ya chakula cha mchana, iache hapo hapo dukani.