Hisabati ya kidato cha nne: karatasi moja kwa wote, au mbili?

Mwalimu wa Hisabati, Wete

Assalaam alaykum. Ninaiweka hoja hii mbele ya walimu wenzangu, wazazi na vijana waliokwishamaliza skuli. Ninapendekeza mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne ugawanywe karatasi mbili, ya kwanza iwe ya hisabati za lazima kwa kila mtahiniwa na ya pili iwe ya hisabati pana kwa anayeitaka, badala ya karatasi moja tuliyo nayo, ambayo inataka kumpima kwa pamoja atakayekuwa mhandisi na atakayefungua duka la vitambaa Darajani.

Mtihani huu hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa Bara na Visiwani, na daraja la chini kabisa la kufaulu ni D, inayoanzia alama 30 kati ya 100. Tangu 2019 hadi 2022 ufaulu wa somo hili kitaifa ulizunguka kwenye asilimia 20, yaani takriban watahiniwa wanne katika kila watano hawakuzifikia hata hizo 30. Aliyepata alama 4 na aliyepata 28 wote wameandikiwa F, wala hakuna mwajiri, mzazi au mwalimu wa chuo cha amali anayeweza kuisoma F hiyo akajua kijana aliye mbele yake anaweza nini na hawezi nini. Mtihani usiotuambia chochote juu ya wengi wa wanaoufanya una kasoro ya utungaji, hata kama kila swali lake ni sahihi.

Wanafunzi nao wameshapiga hesabu zao. Divisheni, yaani daraja la jumla la cheti, hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na kwa kuwa wengi wetu huku tunawafanyisha pia Kiarabu na Elimu ya Dini ya Kiislamu, saba hizo hupatikana bila Hisabati. Mtoto akilijua hilo (na hulijua mapema kuliko tunavyodhani) huanza kuondoka darasani kimoyomoyo tangu kidato cha tatu, mwili ukiwa umekaa pale pale kwenye dawati. Somo tunaloliita la lazima limekuwa la hiari bila ya mtu yeyote kuamua liwe hivyo.

Niseme na niliyoyaona ubaoni. Darasa moja la kidato cha tatu niliwapa mas-ala ya mirathi: marehemu ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, na shamba la mikarafuu 240. Sijamaliza kuandika, wameshajibu: mke thumni (1/8), miti 30, mama sudusi (1/6), miti 40, mtoto anachukua iliyobaki, 170. Hayo wameyatoa madrasa. Nikafuta ubao, nikaandika 1/8 + 1/6 peke yake, nikawataka wajumlishe. Zaidi ya nusu ya madaftari niliyoyakusanya yalikuwa na 2/14, yaani wamejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza vipi thumni na sudusi zikiunganishwa zitoe kitu kidogo kuliko sudusi yenyewe.

Watoto hawa wanakwenda kukabili maswali 14 kwa saa tatu, na katika mada zilizomo zimo logarithimu, vekta, matriksi na masafa juu ya uso wa dunia. Kwa kuwa muda hautoshi kuzirudia hesabu za sehemu kama hizo 1/8 na 1/6, mwalimu wa kidato cha nne hufanya tunachokifanya sote, anapitisha mitihani ya miaka iliyopita, na mwanafunzi anajifunza kuitambua sura ya swali bila kulielewa.

Mzazi, Mkoani

Maalim, wa alaykumu salaam. Nimekusoma mpaka mwisho, na hiyo 2/14 nimemuuliza mwanangu nikapata jibu lile lile, kwa hiyo sikubishii juu ya maradhi. Dawa ndiyo inayonitia hofu. Karatasi zikiwa mbili, ya kwanza itakuwa ya watoto wa Pemba na ya pili itakuwa ya watoto wa mjini. Ziko skuli huku ambazo mwalimu wa Hisabati akihamishwa, darasa hukaa muhula mzima likimsubiri wa kuziba nafasi yake. Mkuu wa skuli ya namna hiyo atafanya nini? Atawaandikisha wote karatasi ya kwanza, ufaulu utapanda, atapongezwa kwenye mkutano wa wazazi, na binti yangu anayetaka udaktari atagundua baadaye kwamba mlango ulifungwa siku aliyoambiwa "hii inakutosha". Leo anafeli, lakini anafeli mtihani ule ule wa mwenzake wa mjini, na hilo linanipa haki ya kulalamika. Nani ataamua mtoto yupi afanye ipi, na ataamua lini?

Mkaguzi mstaafu wa skuli, Unguja

Ndugu zangu, Hisabati ya Ziada ipo tayari kwa wenye uwezo, kwa hiyo karatasi mbili si jambo geni. Lakini kubadilisha mizani hakukaushi karafuu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, umri ambao ndipo sehemu na desimali zinapotakiwa kukaa kichwani. Mfano wa Maalim mwenyewe unathibitisha: mirathi wameisoma kwa lugha wanayoiota usiku, wakaiweza. Irekebisheni lugha ya kusomeshea, na mtihani utajirekebisha.

Mwalimu wa Hisabati, Wete

Maalim wetu, kuhusu Hisabati ya Ziada, hiyo imewekwa juu ya karatasi tuliyo nayo, kwa mwanafunzi ambaye hata hii haimsumbui. Ninayoitaka mimi ni ya kukaa chini yake, kwa ajili ya wale wanne katika watano. Na juu ya lugha tunakubaliana zaidi ya nusu, ila 1/8 + 1/6 niliyoiandika haikuwa na neno hata moja la Kiingereza. Madrasa, sehemu ni sehemu ya kitu, ina mwenyewe na ina anayeidai. Kwetu skuli imebaki tarakimu juu ya mstari na tarakimu chini yake. Unaweza kuifundisha hivyo hivyo kwa Kiswahili fasaha na ukapata 2/14.

Bi mkubwa wa Mkoani, swali lako ndilo zito, na sitaki kulipita juu juu. Ninavyoona mimi, asiamue mwalimu wala mkuu wa skuli. Kila mtahiniwa aandikishwe karatasi zote mbili bila kuulizwa, na anayetaka kutofanya ya pili aombe mwenyewe kwa maandishi, mzazi akitia saini. Matokeo ya kila karatasi yatangazwe mbali mbali kwa kila skuli, ili skuli ambayo wanafunzi wake wote wameikimbia ya pili ionekane na iulizwe. Najua mkuu wa skuli mjanja anaweza kuwaandikia barua hizo mwenyewe, na kwa hilo bado ninahitaji mawazo yenu.

Kilichobaki ni mada zipi ziingie ya kwanza. Mimi ningeweka sehemu, asilimia na uwiano, vipimo, maeneo na ujazo, takwimu na hesabu za biashara, na ningezipeleka ya pili matriksi, vekta na logarithimu. Masafa ya latitudo na longitudo yananipa shida, kwa sababu kwa hesabu za mtihani ni mada ngumu, lakini nina wanafunzi wa Micheweni ambao baba zao ni wavuvi, na nisingependa iondoshwe kwao kabla sijawasikia walioisomesha. Waliowahi kuisomesha kwenye skuli za pwani, iliwaendea vipi?