Oili imejaa kwa intek manifoldi, injini imekufa ama?

MtotoWaMaweni:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, nna Probox ya petroli, kila siku ni Marafa na kurudi na vumbi la kule mwalijua. Gari ikinguruma bila kukanyaga mafuta yatetemeka, basi juzi nkatoa throtoli, kile kilango cha hewa, niisafishe, nkaingiza kidole kwa manifoldi, yale mabomba yagawayo hewa kwa injini, kikatoka cheusi tititi, oili nzito kama halua haijashika. Fundi kaniambia ni pistoni ringi, zile pete za kuzuia oili na gesi zisipite kando ya pistoni, injini ifunguliwe yote, na pesa alotaja sina. Moshi wa buluu sioni, ila oili naongeza kama nusu lita kwa mwezi. Nioshe tu niendelee ama? Hii gari ndio riziki yangu.

AmiGereji:
Waleikum salaam mwanangu. Usikubali kufungua injini kwa neno la mdomo. Kila injini, hata mpya, kuna gesi zapenya kando ya pistoni zikashuka kwenye oili, na gesi hizo zafyonzwa kwa hozi hadi manifoldi zikachomwe tena. Hapo njiani kuna kivalvu kidogo cha kupima gesi hizo, chaitwa PCV, kwako kiko juu ya kava ya valvu. Kikikwama wazi chapitisha hewa kupita kiasi na oili juu yake, na ndio hio tetemeko yako. Kitoe ukitikise sikioni, chatakiwa kilie ka-ka-ka. Halafu tia hozi safi upulize: upande wa injini hewa ipite, upande wa manifoldi iwe ngumu. Usikivute kwa mdomo, mvuke wake ni sumu.
Filta ya hewa nayo iangalie, kwa vumbi la Marafa ikiziba injini yatafuta hewa kwengine na oili yafuata. Na hio nusu lita, wapima ama wamimina tu? Ikipita alama ya juu ya kijiti cha kupimia pia yarushwa hadi manifoldi.

Mokowe_Dizeli:
Nyongeza kwa wenye dizeli za tabo, ile feni ya kusukuma hewa kwa injini, kama mie huku Mokowe: oili kidogo kwa mabomba ni kawaida, lakini ikijaa kwa intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya tabo, msichezee, injini yaweza kuila hio oili ikazidi kasi yenyewe na ukizima swichi haizimi. Kwetu masizi ya EGR, njia ya kurudisha moshi wa ekzosi kwa injini, yachanganyika na oili, njia ya hewa yabaki tundu la kidole, kwa hio kuosha ni lazima.

MtotoWaMaweni:
Ami nimekitoa, kimya kabisa, napuliza pande zote hewa yapita. Na oili ilikuwa juu ya alama, nilikuwa namimina tu. Sasa manifoldi naioshaje?

AmiGereji:
Alhamdulillah. Toa waya wa betri kwanza, fungua manifoldi, na mashimo ya injini yazibe kwa vitambaa safi hapo hapo, nati moja ikidondoka ndani ndio utaijua bei ya injini. Osha kwa dawa ya kabureta nje penye upepo, mbali na moto, ikiwa ya plastiki usiikwangue kwa chuma. Ikauke kabisa, gasketi mpya, PCV mpya, oili uipunguze hadi katikati ya alama mbili. Ukishawasha fungua kifuniko cha oili, ikipumua moshi kwa nguvu basi sasa tupime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, tuzungumze ringi.

MtotoWaMaweni:
Shukran sana ami. Kesho siendi Marafa, naingia kazini na vitambaa.