Tupeane uzoefu: uliyefunga heda (mabomba ya kutolea moshi wa injini) kwenye pikapu ya zamani, nini kilikukuta?

Kisiki
Wakuu, jana nimepita gereji moja hapa Gerezani, Dar, nikamkuta kijana amejikunja juu ya injini ya Hilux, anahangaika na stadi (bolti isiyo na kichwa, inayofungwa kwa nati) ya mwisho kule nyuma, karibu na ukuta wa kabini. Nikasikia "tak". Mwili ukanisisimka, maana mlio huo naujua.

Mwaka 2014 nilikuwa na Hilux ya 22R, ile lita 2.4 ya kabureta. Manifoldi ya egzosi, ile chuma nzito inayokusanya moshi wa silinda, ilipata ufa, nikashawishika kuweka heda badala yake. Nati zote zilitoka, ikabaki moja. Nikaongeza bomba kwenye spana ili nipate nguvu. Stadi ikakatika usawa wa hedi, yaani kichwa cha injini, hakuna hata pa kushika. Nikatoboa kwa drili ya mkono, na hedi ya 22R ni aluminiamu, kwa hiyo drili ikakimbilia kwenye ulaini, tundu likaenda upande. Nikaingiza ile chuma ya kung'olea yenye meno ya kinyume, nayo ikakatikia humohumo. Hiyo ni ngumu kuliko drili yoyote niliyokuwa nayo. Ikabidi nifungue hedi nzima niipeleke kwa wakereza vyuma. Gari ilikaa chini siku kumi na moja, na nilikuwa naitegemea kwa mkate wa watoto.

Nani mwingine yalimkuta?

Pwani Kavu
Hayohayo. Stadi ya nyuma kabisa. Daima ni ya nyuma.

Binti wa Fundi
Pole sana kaka. Marehemu baba alikuwa na gereji Morogoro na hakuwahi kulazimisha nati ya egzosi hata siku moja. Alikuwa anaipasha nati kwa gesi, nati tu, moto usitulie kwenye aluminiamu, halafu anagusisha mshumaa. Nta inayeyuka na kunywewa ndani ya uzi wa stadi. Anakaza kidogo, analegeza kidogo, anakaza tena, mpaka itii. Ikishakatika, anaweka nati kubwa juu ya kisiki na kuichomelea kwa ndani. Joto la kuchomelea lenyewe ndilo linaloachanisha kutu. Mimi nilikuwa nashika taa.

Gia Tano
Mshumaa tena? Loweka dizeli usiku kucha, inatosha.

Binti wa Fundi
Dizeli inalowesha juu, kaka. Stadi iliyoungua miaka ishirini haiisikii.

Nakuru Datsun
Wenye Hilux mko na bahati, hewa inaingia upande mmoja na moshi unatokea mwingine. Mimi nina Datsun 1200 pikapu, injini ya A12, na manifoldi zote mbili ziko upande mmoja, gasketi moja, na kuna stadi ambapo washa moja (pete ya chuma chini ya nati) inakanyaga flanji zote mbili, yaani bapa za kufungia. Nilipoweka heda, flanji yake ilikuwa nyembamba kuliko ile ya hewa. Washa ikabana upande mnene, upande wa heda ukabaki unapumua. Nikakaza zaidi, washa ikapinda. Injini ikawa inalipua kwenye egzosi kila nikiachia mafuta, watu stendi wanainama. Nilizunguka kwa mafundi wanne, kila mmoja anagusa kabureta, na kabureta haikuwa na kosa. Hewa ilikuwa inaingia kwenye egzosi kupitia ule mwanya na kuwasha petroli isiyoungua. Mzee mmoja alikata washa zenye ngazi, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, na kelele ikaisha siku hiyohiyo.

Halafu kuna baridi. Manifoldi ya zamani huwa inapasha sakafu ya ile ya hewa. Ukiitoa, asubuhi Nakuru hii gari inakataa kuamka.

Mzee wa 504
Kweli kabisa kuhusu kupasha. Watu hudhani chuma kile kizito kiliwekwa kwa uzembe.

Vitunguu Mafinga
Sikutaka kuandika, lakini nimeshindwa kulala.

Yangu 22R pia. Fundi alifunga heda vizuri, gasketi mpya, hakuna mvujo. Lakini mpira wa petroli ulikuwa mrefu, akaufunga kwa waya usining'inie. Sikuangalia ulipita wapi. Nikapakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, nikaanza kupanda mlima Kitonga, gia ya pili, nyuma ya lori. Mwendo wa kutembea, upepo hauingii, injini inavuta kwa nguvu zote. Nikanusa petroli. Nikasema ni la lori. Mke wangu akasema, "Baba Neema, hii ni yetu." Nikatazama pembeni, rangi ya boneti inatoa malengelenge.

Nikasimama pale kwenye kona. Mke akaruka na mtoto. Nikataka kufungua boneti, utingo wa lori akanishika mkono, akaniambia ukifungua unaupa moto hewa. Wakamwaga mchanga kupitia grili na chini ya gurudumu, watu sita, kwa mabeseni ya vitunguu vyangu. Moto ulizimika. Nilipokuja kufungua, mpira ulikuwa umelalia bomba la silinda ya kwanza, umeyeyuka kama ubani. Waya za plagi zote zimekwisha. Neema alikuwa na miaka miwili.

Pwani Kavu
Ee Mungu.

Gia Tano
Mshukuru huyo utingo. Mlimpata tena?

Vitunguu Mafinga
Hatukumpata. Kila nikipita Kitonga natazama malori.

Kisiki
Mkuu, mpira sasa umepita wapi?

Vitunguu Mafinga
Upande mwingine kabisa, na nimeweka bati katikati. Bati la kukinga joto kwenye manifoldi ya zamani lina kazi. Heda ni chuma chembamba, joto lote linatoka nje.

Kasi Kamili
Poleni, lakini heda haina kosa hapo. Bandika kitambaa cha joto, yaishe. Na msitoe saileinsa, injini inahitaji moshi wake ubanwe kidogo.

Mzee wa 504
Kitambaa kinashika maji, na heda ya chuma cha kawaida inaoza ndani yake. Na injini haihitaji kubanwa, kijana. Inahitaji moshi utoke kwa kasi. Silinda za 22R zinawaka kwa zamu 1-3-4-2, ndiyo maana heda nzuri ya mzigo inaunga 1 na 4, 2 na 3, kisha mbili zinakuwa moja. Ile ya nne kwa moja, mabomba manne yanayoungana mara moja, inakufaa injini ikizunguka kasi kabisa, na hakuna anayebeba vitunguu kwa mizunguko hiyo.

Kasi Kamili
Yangu ni nne kwa moja na inaruka.

Mzee wa 504
Na mzigo je?

Nakuru Datsun
Jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, umebadilisha? Maana ikivuta vizuri bila kubadilisha jeti inakonda, petroli inakuwa haba kwa hewa, plagi zinakuwa nyeupe.

Kisiki
Nimerudi Gerezani leo. Nimempa kijana habari ya nati na kuchomelea. Nati ya kwanza iling'oka peke yake, ya pili ikashika, kisiki kikatoka nusu zamu kwa nusu zamu. Dada, asante, na Mungu amrehemu mzee. Sasa anauliza gasketi: ya shaba au ya kawaida?

Gia Tano
Shaba.

Binti wa Fundi
Ya kawaida, lakini flanji ipimwe kwa rula kwanza. Anze kukaza katikati, aende pembeni. Aiwashe mpaka ichemke, aiache ipoe kabisa, akaze tena. Na kabla hajaiwasha, apitishe mkono kila mpira ulipo.