Tupeane uzoefu: prosesa ya gita jukwaani, ulijiandaaje na nini kilikukuta?

Mtoto wa Jang'ombe

Assalam alaykum wanamuziki. Naanza kujianika mwenyewe ili na nyinyi msione haya.

Miaka yote nimepiga gita na ampu ya valvu, lile dude ambalo ukienda nalo Pemba lazima umlipe mchukuzi Malindi, umlipe mwengine Mkoani. Mwaka jana nikaliuza, nikanunua prosesa ya mkono wa pili, kiboksi cha kidijitali kinachoiga sauti za ampu na pedali, kinaingia kwenye begi la skuli. Ramadhani vyombo vikawekwa kama ilivyo ada, na mie kila usiku baada ya tarawehe hedifoni masikioni, natengeneza priseti, yaani mipangilio ya sauti unayoiweka tayari ndani ya mashine. Sauti chini, wenyewe wamelala. Nilitengeneza 32. Nyimbo zetu zilikuwa 19.

Iddi mosi tuna kazi hoteli ya pwani. Fundi kachukua waya wangu kauingiza kwenye miksa, nikagusa nyuzi. Jamani! Nyuki ndani ya kopo la maziwa. Mwimbaji aligeuka akanitazama kama nimemtukana.

Kilichotokea ni hiki. Siku mbili kabla tulifanya mazoezi nikaazima ampu ya mtu, basi nikazima kile kiigizo cha kabineti ndani ya mashine, kinachoiga boksi la spika ya ampu. Ukiingia kwenye ampu ya gita unakizima, kwa sababu spika ya ampu ndiyo inayochuja ukali wa juu. Ukiingia moja kwa moja kwenye miksa lazima kiwe kimewashwa, la sivyo unawapelekea watu sauti mbichi. Mie nilisahau kukirudisha. Nimekuja kukumbuka wimbo wa tatu. Nyuki wakaondoka, yakabaki matope, gita zima limezama chini kwenye besi. Hayo ya matope mpaka leo sijayaelewa sawasawa.

Haya, leteni na yenu.

Fundi Miksa

Pole sheikh, ila umenichekesha. Mie gita hata kulishika sijui. Kazi yangu kukaa nyuma ya miksa, na nyinyi watu wa prosesa mnanitoa jasho kuliko wapiga dramu.

Matope yako yametoka kwenye hedifoni. Sikio la mtu, sauti ikiwa ndogo, halisikii vizuri besi wala ukali wa juu. Kwa hiyo usiku chumbani unaongeza chini, unaongeza juu, mpaka roho inatulia. Jukwaani sauti imepanda, sikio sasa linasikia kila kitu, na yote uliyoongeza yanakurudia. Priseti itengeneze kwa sauti ya jukwaani, hata ukipata nusu saa tu mchana ukumbi mtupu. Halafu kata kila kilicho chini ya hezi 100 hivi, huko ni kwa besi na dramu, wewe huna chako. Juu, kuanzia hezi 6,000 au 7,000, punguza. Ukipiga peke yako utaliona gita jembamba, utasema fundi kanionea. Subiri wenzio waingie.

Jengine linaloniudhi ni viwango. Priseti ya sauti safi iko chini, ya kukwaruza imepaa, na ya solo ndiyo inataka kuua watu. Mie nabaki kukimbizana na wewe usiku kucha. Zisawazishe kwenu, zote zilingane sikioni, kisha solo iongeze desibeli 3, nne ukizidi sana.

Na hizo nyaya mbili za kushoto na kulia! Mnataka koras, ile inayofanya gita moja lisikike kama mengi, izunguke ukumbi. Kumbi nyingi ninazofanya kazi spika nimezifunga mono, zote zinatoa sauti ileile. Koras pana ya stereo ukiikusanya kwenye mono, pande mbili zinaweza kulana, gita likapotea palepale ulipotaka linoge. Sikiliza priseti zako kwa mono kabla hujaja kwangu.

Riveb nayo, ule mwangwi wa ukumbi. Pale Ngome Kongwe kuta ni za mawe, zinarudisha sauti zenyewe bila ya kuombwa. Mtu anakuja na riveb ya kanisa kubwa juu yake, maneno ya mwimbaji yanageuka uji.

Binti Malindi

Fundi kasema kweli, ila mie nina adui ambaye kitabu cha mashine hakimtaji: watunzaji.

Napiga gita kwenye taarab ya kisasa, harusini zaidi. Jukwaa la harusi mara nyingi ni zulia tu, hakuna kupanda. Wimbo ukinoga kina mama wanainuka kuja kumtunza mwimbaji, noti mkononi, mabuibui yanaburura, viatu vya visigino. Siku hiyo prosesa nimeiweka miguuni kwangu kama tunavyoona kwenye video za wenzetu. Wimbo wa polepole, sauti safi yenye koras kidogo, fidla na kinanda vimelala vizuri, mie najisikia nimefika. Bibi mmoja kaja anacheza kinyumenyume, hodari kweli, kisigino chake kikatua juu ya swichi ya tatu. Swichi ya tatu ndipo nilipoweka priseti ya roki, ya kazi za hotelini. Ukumbi ukapigwa ngurumo. Mpiga fidla akasimamisha upinde, watoto wakakimbilia kwa mama zao. Bibi hata hakushituka, kaendelea kutunza, nadhani alijua ndivyo wimbo ulivyo.

Kutafuta swichi ya kurudi sikuweza, kwa sababu kasimama juu yake! Nilizima sauti kwenye gita lenyewe, nikangoja amalize noti zake. Alikuwa nazo nyingi, mashallah.

Tangu hapo kazi ya harusi ina fungu lake peke yake ndani ya mashine, priseti nne, zote tulivu, hata ikikanyagwa haina madhara. Prosesa naiweka juu ya kigoda upande wa kinanda, nabonyeza kwa mkono. Waya unapita nyuma na umegandishwa kwa tepu. Na ndani ya wimbo mmoja sibadilishi priseti, kwa sababu mashine nyingi zinakatika kidogo pale unapohama. Natumia priseti moja na kuwasha au kuzima pedali za ndani yake, mwangwi unaisha wenyewe bila ya kukatwa shingo.

La mwisho, mwimbaji akiwa na mafua anataka wimbo ushushwe nusu toni. Mashine inaweza kukushushia kwa swichi moja, lakini inachelewa kidogo, na ukipiga kwa sauti ndogo unazisikia nyuzi zako halisi chini ya ile ya spika, zinagombana. Kwa wimbo wa haraka mie nashusha nyuzi kwa mkono, liwalo na liwe.

Kijana wa Paje

Mwenye kifaa cha kupigia bila waya aangalie kama kinatumia gigahezi 2.4. Ndimo ilimo na waifai. Mchana hoteli tupu, mambo safi. Usiku wageni wamejaa, kila mmoja na simu, gita langu likawa linakatika kama mtu mwenye kwikwi. Siku hizi waya wa mita 6 na sisemi na mtu.

Mpemba wa Wete

Mie nilisahau adapta Unguja. Nimekuja kuligundua hilo Chake, saa kumi jioni, kazi saa mbili usiku.

Nikasema adapta si adapta? Nikaazima ya ruta ya intaneti. Alhamdulillahi kabla sijachomeka kijana wa duka la simu akanizuia. Prosesa yangu inataka volti 9 na ampia 3, ile ya ruta ilikuwa volti 12 na ampia 1. Juu ya hivyo vifaa vingi vya gita hasi iko katikati ya plagi, na vya nyumbani vingi chanya ndiyo iko katikati. Ningeiunguza mchana kweupe. Tulizunguka mji mzima hatukupata ya ampia 3 yenye hasi katikati. Nikaokolewa na mwalimu mmoja mwenye prosesa ndogo ya kutumia betri nne za AA. Nilipiga usiku mzima na priseti za kiwandani, na hakuna mtu hata mmoja aliyejua. Hilo lilinikera kidogo, maana zangu nilizifanyia kazi miezi.

Sasa nina adapta mbili, moja nimeifunga kwa zipu ndani ya begi la gita na hiyo haitoki.

Nyuzi Sita

Ya adapta nami nimo. Mjomba kaniletea prosesa kutoka Marekani na adapta yake. Sikusoma maandishi. Ilikuwa ya volti 120 tu, na ukuta wetu ni 230. Moshi mdogo tu, wala haukuchukua muda. Angalieni iwe imeandikwa 100 mpaka 240 ndipo mchomeke.

Mzee wa Ng'ambo

Nawasoma nacheka. Ampu yangu ina vifundo vitano, kikifa kimoja vimebaki vinne.

Nitakwambieni kitu cha umeme. Kile kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima bila ya umeme wa gridi, tulipiga kwa jenereta miezi mitatu. Jenereta ndogo, mafuta ya mgao. Kila friza la jikoni likiwaka, umeme unayumba. Ampu yangu ilikuwa inafifia kisha inarudi, kama mtu anayevuta pumzi. Mwenzangu wa gita la pili alikuwa na mashine ya namna yenu. Umeme ukiyumba kidogo, mashine inazimika, kisha inaanza kujiwasha upya kama kompyuta, taa zinapita moja moja. Wimbo umekwenda kibwagizo kizima yeye anaangalia taa. Usiku mmoja ilimfika mara nne. Mara ya nne aliweka gita chini akashika manyanga.

Fundi Miksa

Mzee, hilo dawa yake ipo siku hizi. UPS ndogo ya kompyuta ya mezani, lile boksi la betri linaloshika umeme ukiyumba, inatosha. Volti 9 kwa ampia 3 ni wati 27, hata taa za zamani zilikula zaidi. Mradi asije mtu akachomeka birika la chai humohumo, nimeliona kwa macho yangu.

Na mkisikia mngurumo mnene usioisha, msikimbilie kukata waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, kwenye plagi. Huo ndio unaokulinda roho. Bonyezeni kiswichi cha kuinua athi kwenye boksi la DI, lile la kuunganishia gita na miksa, au chomekeni prosesa kwenye soketi inayotoka upande mmoja na miksa.

Mzee wa Ng'ambo

Birika si mie.

Mwana wa Shangani

Kuna waliokwenda na laptopu badala ya prosesa? Mie nilikwenda. Nyumbani nilipunguza bafa, kile kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukitoa, mpaka sampuli 128, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni kuchelewa kama milisekunde 2.7, halafu kuna njia ya kuingia na ya kutoka na vigeuzi vyenyewe. Mikononi sikuhisi kitu, maana hata ukisimama mita 3 kutoka kwenye ampu sauti inakufikia baada ya milisekunde 9 hivi. Kwa hiyo kuchelewa hakukuniua. Kilichoniua ni kwamba laptopu ilikuwa kwenye intaneti. Katikati ya dua ya kufungulia shughuli, spika zote nane zikatoa "ting!" ya ujumbe. Halafu nyengine. Shemeji alikuwa ananiuliza kama pilau imeshaanza.

Kuanzia hapo laptopu ya kazi haina waifai, haina arifa, haina shemeji.

Kijana wa Paje

😂😂 Na usiapdeti programu ya prosesa asubuhi ya kazi. Yangu ilirudi kama ilivyotoka kiwandani, priseti zote zimefutika, na nakala sikuwa nayo. Niweke kwenye flashi? Nilikuwa najua, sikufanya tu.

Binti Malindi

Na jua! Kendwa tunapiga magharibi, jua linazama usoni kwetu, kioo cha mashine hakisomeki kabisa. Nimebandika vipande vya rangi kwenye swichi. Kijani safi, nyekundu solo, bluu usiguse.

Mtoto wa Jang'ombe

Jamani nimeshiba. Nimerudi kwenye mashine leo mchana, mke kaenda kwao na watoto, nikafungua sauti mpaka jirani akaja kuuliza kuna shughuli gani. Kati ya zile 32 nimebakisha tano. Nimekata chini hezi 100, na kweli matope yamekwisha, nilikuwa najaza besi ya watu. Kiigizo cha kabineti sikizimi tena, nimegundua mashine yangu ina matundu mawili ya kutolea sauti, moja la miksa na moja la ampu, kila moja linapangwa mbali. Lilikuwa ndani ya kitabu muda wote.

Kuna na la chumvi ya bahari, hakuna aliyeligusa. Jeki zangu za pwani zinakwaruza baada ya miezi miwili.

Mpemba wa Wete

Spirit ya dukani kwenye kijiti cha pamba, unasugua plagi ya waya, si ndani ya mashine. Ndani ni ile dawa ya kupulizia ya mafundi wa redio, mashine ikiwa imezimwa, na iachie ikauke. Na vile vipakti vya chembe vya kwenye viatu vipya usivitupe, viweke ndani ya begi. Vikijaa unyevu tupa, weka vyengine.

Mtoto wa Jang'ombe

Ahsante ami. Fundi Miksa, nimesikia ndiye utakayekuwepo kwenye ile kazi yetu ya wiki ijayo. Nikuletee waya mmoja au miwili?

Fundi Miksa

Mmoja. Na uje saa tisa, si saa kumi na mbili na nusu kama mara ile.