Wana Korogwe, tukumbushane mji wetu wa zamani

Wakuu habari zenu. Mliokulia Korogwe enzi hizo, iwe Manundu, Majengo, Masuguni au Old Korogwe, hebu tupeane uzoefu mji ulikuwaje kabla watu hawajaujua kama sehemu basi la Arusha linaposimama watu wapate msosi. Naanza na stesheni. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa 1902, enzi za Mjerumani, halafu 1963 ndo ikaungwa na reli ya kati kutokea Mnyusi mpaka Ruvu, kwa hiyo Dar tulikuwa tunaenda kwa treni bila stresi. Treni ya abiria ikipiga honi mtaa mzima unahamia stesheni, hata asiye na mgeni anaenda tu kushangaa, wamama wana mabeseni ya machungwa vichwani wanakimbizana na madirisha, abiria akizubaa kudai chenji yake ndo imeenda hiyo.

— Treni ya abiria si imerudi mkuu, tangu Desemba 2019. Ila inapita usiku, sasa hayo machungwa umuuzie nani, bundi?

— Hahaha. Sisi wa Ngombezi stesheni tulikuwa tunaisikia tu, saa yetu ilikuwa king'ora cha kiwanda cha mkonge. Babu alikuja na manamba, wale vibarua wa mikataba wa mashambani, kutoka Kigoma akaoa Mzigua, hakurudi tena. Ukipita kwenye korona, ule mtambo wa kuchakata majani ya mkonge, kuna harufu ya mabaki ya mkonge, mgeni lazima azibe pua, sisi wala. Halafu nje unakuta singa, yaani nyuzi za mkonge, zimeanikwa kwenye waya, nyeupe, mistari na mistari, watoto tunajificha katikati mpaka msimamizi atutimue. Utomvu ukikugusa sasa, utajikuna mpaka usiku.

— Jamani na mto je? Wengine tulikuwa tunafua mto Pangani huku mmoja kawekwa zamu ya kuangalia mamba, na huyo wa zamu ndo wa kwanza kusinzia. Mkirudi nyumbani bada, ugali wa muhogo, na samaki, nani alikuwa anataka wali.

— Mmesahau milingoti! Mkonge ukishatoa mlingoti, ule mti mrefu wa maua, ukakauka tunaukata tunatengenezea magoli, mwepesi yani watoto wawili mnabeba. Shida yake shuti likigonga mwamba goli lote linaanguka, hapo mechi inasimama ugomvi unaanza, wengine lilikuwa limeshaingia, wengine bado.